Mto Tana ukipungua, maneno nayo hukauka

Ukimtajia Mkenya wa kawaida jina la Garissa, aghalabu atakachokiona akilini ni ngamia, vumbi, jua kali na soko la mifugo. Ukimwambia kwamba Garissa kuna wavuvi, tena wavuvi wa jadi waliorithi kazi hiyo kutoka kwa mababu zao, huenda akadhani unamfanyia mzaha. Hata miongoni mwa wanafunzi wangu wa isimu wamo waliozaliwa na kulelewa Garissa mjini, wakanywa maji ya Tana tangu utotoni, ambao hawawezi kutaja kwa lugha yoyote majina matatu ya samaki wa mto huo. Katika makala haya nakusudia kuzungumzia uvuvi wa Tana, na hasa uvuvi wa mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Chimbuko lake ni milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kutoka huko hushuka na kuikata nchi kame hadi kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Kipini. Mji wa Garissa umekaa kwenye ukingo wa mashariki. Ukivuka daraja unaingia Madogo, nawe umeshafika Kaunti ya Tana River. Kwa kuwa nchi hiyo ni uwanda tambarare, mto hauendi moja kwa moja. Hujipinda kama nyoka, na kila baada ya miaka hubadili njia, ukaacha nyuma maziwa yenye umbo la upinde. Nasema maziwa ya maji. Ni vyema kufafanua, kwani neno hilo likitajwa Garissa wengi hufikiria kwanza yale ya ngamia.

Mto huu hujaa mara mbili kwa mwaka: wakati wa masika, Aprili hadi Juni, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba. Maji hayo hutokana hasa na mvua za milimani, hivyo kwamba Tana huweza kufurika Garissa siku ambayo mjini hapakudondoka hata tone. Maji yakipanda, samaki huyafuata. Huingia katika maziwa yale ya pembeni na katika mabonde yaliyofunikwa na maji, wakala, wakazaa, na watoto wao wakakulia humo penye utulivu na chakula tele. Maji yakirudi mtoni, wengine hurudi nayo, na wengine hubaki.

Hao waliobaki ndio wanaonihusu hapa. Baada ya vuli huja kiangazi kirefu, kile ambacho Wasomali hukiita jilaal na ambacho Waoromo hukiita bona. Kuanzia Januari hadi Machi jua huyanywa maji ya madimbwi siku baada ya siku. Ziwa lililokuwa na upana wa mamia ya mita hugeuka dimbwi, dimbwi likawa kidimbwi, na kidimbwi kikawa tope. Samaki waliokuwa wametawanyika hukusanyika mahali padogo. Kwa mtu asiyejua, hayo ni maji machafu yasiyofaa hata kunywesha mbuzi. Kwa mjuzi, hiyo ni ghala iliyofunguliwa mlango kwa siku chache.

Lakini ghala hiyo haimfungukii kila mtu. Ukienda mapema mno, maji bado ni mengi na samaki wana nafasi ya kukimbilia. Ukichelewa, ama utakuta wameliwa na korongo, ama wameoza, ama mvua ya milimani imekwisha kunyesha na mto umewachukua. Hivyo mvuvi wa mwisho wa kiangazi hana budi kuyasoma maji kama mwanafunzi asomavyo kitabu. Huitazama rangi yake asubuhi na jioni. Hutazama perege, ambao alfajiri hupanda juu wakipanua midomo wakitafuta hewa, maana maji yenye joto hubeba hewa kidogo. Hutazama ndege wanatua wapi na wanaondoka lini. Hujua kwamba perege wataanza kufa kabla ya kambare, kwa sababu kambare amejaliwa kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu, naye anaweza kustahimili topeni siku nyingi, na hata kujikokota usiku wa umande kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Huko chini zaidi, kuelekea delta, yumo kamongo, ambaye kinamasi kikikauka hujichimbia ardhini, akajizungushia ute unaokauka kama ganda, akalala humo miezi na miezi akiingoja mvua.

Zana ni chache: ndoana na mshipi, mkuki, wavu wa kutupa, mgono uliosukwa kwa fito, na mwishowe mikono mitupu. Na hatari ipo, kwani mamba naye huifuata riziki inakokwenda. Maji yakipungua, mamba na mvuvi hukaribiana. Mtu aliyezoea kuvua ng'ambo ya mto mpana sasa huvua hatua chache kutoka kwa mnyama ambaye amekuwa akiua watu katika Tana miaka yote.

Huenda msomaji akauliza kama elimu ya namna hii ipo kwingineko. Ipo, na la ajabu ni kwamba ipo mahali ambapo watu wengi waliowahi kuishi katika Kaunti ya Garissa wamefanya maskani leo. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuporomoka. Kutoka kambi hizo maelfu ya watu wamepelekwa kuishi Marekani na Kanada, na jimbo la Minnesota ndilo lililopata kuwa makao ya Wasomali wengi kuliko majimbo mengine ya Marekani. Jimbo hilo limejaa maziwa, na upande wake wa magharibi huingia katika nyika kubwa za majani zinazoenea hadi Dakota Kaskazini na Kanada. Wakati wa baridi kali maziwa hayo huganda juu yakawa magumu kama sakafu, na wenyeji hutembea juu yake, wakatoboa tundu, wakateremsha ndoana na kumvua samaki mdogo mwenye mistari ambaye Waingereza humwita perch.

Wavuvi wa huko nao wana mwisho wa msimu wao, nao ni mwezi Machi, wakati uleule ambao jilaal hufikia ukingoni kwetu. Siku hizo samaki huyo husogea kwenye maji ya kina kifupi akijitayarisha kutaga mayai barafu itakapoyeyuka, na ndiyo maana wengi huzitamani siku hizo kuliko katikati ya majira ya baridi. Lakini ndizo siku barafu inapohaini. Idara ya maliasili ya Minnesota huwashauri watu wasitembee juu ya barafu mpya isiyofikia unene wa inchi 4, yaani takriban sentimita 10. Hata hivyo, barafu nene ya Machi iliyochakaa kwa jua huweza kuwa dhaifu kuliko ile nyembamba ya Desemba. Basi mvuvi husoma rangi: ile angavu yenye kuelekea buluu ni imara, na ile iliyogeuka kijivu ni ya kuogopwa.

Isitoshe, samaki wa maziwa ya nyika hizo hupatwa na dhiki ileile inayowapata perege wa Garissa. Ziwa la kina kifupi likifunikwa na barafu, na barafu ikafunikwa na theluji, mwanga hauingii, mimea ya majini huacha kutoa hewa, na samaki hufa kwa wingi kabla ya majira kugeuka. Huku kwetu joto ndilo linalowanyima hewa, na kule ni kifuniko cha baridi. Mvuvi wa Tana na mvuvi wa Minnesota hawajapata kuonana, lakini wote wawili wamelazimika kujua jambo moja, kwamba maji yanayokaribia mwisho wake yana dalili zake, na kwamba dalili hizo zina majina.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapoingia. Mara nyingi huzungumzwa kwamba Waeskimo wana mamia ya maneno ya theluji. Dai hilo limetiwa chumvi. Franz Boas, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alitaja mizizi minne tu ya maneno, na waliokuja baadaye wakaongeza kila mmoja apendavyo, hata wanaisimu wa miaka ya 1980 na 1990 wakalazimika kuukosoa uzushi huo hadharani. Kwa hiyo sitadai kwamba wavuvi wa Tana wana mamia ya maneno ya tope. Ninachodai ni kidogo na kina uzito zaidi: mtu anayetegemea jambo kwa riziki yake hulipa jina ili aweze kumwonya mwenziwe kwa haraka na kumfundisha mwanawe bila maelezo marefu. Jina likipotea, onyo hurefuka, na mafunzo huachwa.

Majina hayo yamo katika lugha gani? Si katika Kisomali hasa, ingawa Kisomali ndiyo lugha kuu ya Garissa. Wavuvi na wakulima wa jadi wa kingo za Tana katika eneo hilo ni jamii mbili ndogo: Wamunyoyaya, ambao lugha yao ni tawi la Kioromo, na Wamalakote, ambao wenyewe hujiita Wailwana. Chini zaidi wako Wapokomo, wanaovua pia katika maziwa ya uwanda wa delta kama Bilisa na Shakababo. Nao Wamalakote ni watu ambao kila mwalimu wa Kiswahili angepaswa kuwajua, kwa sababu lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika uchunguzi wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, waliiweka Kiilwana pamoja na Kiswahili, Kipokomo, lugha za Mijikenda na Kikomoro katika kundi moja la Sabaki. Mwaka 2000 Nurse alichapisha kitabu kingine, ambacho sehemu yake kubwa yahusu jinsi Kiilwana kilivyokaa karne nyingi pembeni mwa Kioromo, kikakopa msamiati kwa wingi, hata sauti na sarufi yake zikaguswa. Hebu fikiri, msomaji: tunawafundisha wanafunzi wa Garissa kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani iliyokuja kwao kutoka mbali, ilhali ndugu yake amekaa ng'ambo ya daraja akitega mgono.

Kiswahili chenyewe kinaweza kujifunza kwa ndugu huyo. Neno letu samaki tumelitoa katika Kiarabu. Kabla ya hapo tulikuwa na nswi, neno la Kibantu ambalo lilibaki katika lahaja za kaskazini na katika tungo za kale, na ambalo Wakomoro bado wanalo kwa umbo la fi. Aidha, Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa majina ya samaki kutoka bara. Kutoka kwa Wajaluo tumepata omena, ngege na kamongo, kwa sababu samaki wa Ziwa Viktoria walifika sokoni Nairobi na wateja wakahitaji kuwaita jina. Hata jina perch lina safari kama hiyo. Samaki mkubwa ambaye sisi humwita sangara na Wajaluo humwita mbuta, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, Waingereza walimpachika jina la samaki wao mdogo wa nyumbani kwa kuwa alifanana naye kidogo, wakaongeza tu neno Naili. Barafu nayo tuliipokea kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, karne nyingi kabla mzungumzaji yeyote wa Kiswahili hajawaza kusimama juu ya ziwa lililoganda. Lugha hukopa kwa yule anayesikilizwa. Swali ni kwa nini hatujakopa lolote la maana kutoka kwa wavuvi wa Tana. Jibu langu ni kwamba hatujawasikiliza, na sababu yake si umbali peke yake.

Sababu nyingine ni dharau. Miongoni mwa jamii nyingi za wafugaji wenye asili ya Kikushi, samaki kwa desturi hakuhesabiwa kuwa chakula cha mtu mwenye heshima. Mwenye ngamia alikunywa maziwa na kula nyama. Mla samaki alionekana kuwa fukara asiye na mnyama, na jina la kazi yake likawa tusi. Ni muhimu kusema wazi kwamba desturi hiyo haikutokana na dini. Wasomali, Wamunyoyaya na Wamalakote wote kwa kawaida ni Waislamu, na katika Uislamu samaki ni halali, wala hahitaji kuchinjwa. Hivyo aibu inayomfanya mtoto wa mvuvi afiche kazi ya babake shuleni ni ya watu, na kilichotengenezwa na watu hutenguliwa na watu.

Mfano tunao. Ukame mkubwa wa mwaka 1974 na 1975, ambao Wasomali waliuita Dabadheer, uliangamiza mifugo ya kaskazini mwa Somalia. Serikali ya wakati huo iliwahamisha wafugaji wengi, wengine ikawapeleka mashambani na wengine ufuoni, Barawa, Adale na Eyl, wawe wavuvi. Wengi walirudi kwa ngamia mara mvua iliponyesha, lakini wapo waliobaki baharini na wakaishi kwa kazi waliyokuwa wakiidharau. Nasi tuna wetu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Siku kama hizo, elimu ya kumpata kambare katika kidimbwi kinachokauka huwa ni chakula cha jioni. Aliyeidharau jana hulazimika kuiuliza leo, na akikuta wenye kuijua wamekwisha nyamaza, atauliza kwa nani?

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mtoto wa Garissa anahitaji maji safi, madawati, walimu wa kutosha na Kiingereza cha kufaulia mitihani, na kwamba kumtuma akusanye majina ya samaki kwa lugha ya watu wachache ni anasa ya maprofesa. Nayaheshimu mawazo hayo, kwa kuwa shida za shule za Kaskazini Mashariki ni za kweli. Lakini pingamizi hilo hudhani kwamba elimu ya mto inashindana na elimu ya darasani, ilhali katika hesabu za mtaala wa sayansi na jiografia ni mambo yaleyale. Kupungua kwa hewa katika maji yenye joto ni somo la sayansi. Ziwa la upinde ni somo la jiografia. Mwanafunzi wa Garissa hukariri mambo hayo kwa mifano ya nchi za mbali, kisha hufunga kitabu na kupita kando ya mfano wenyewe akienda nyumbani.

Tena wakati hautungoji, maana maji yenyewe yanabadilika. Juu ya Tana serikali imejenga mfululizo wa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo yameiletea nchi manufaa ambayo hakuna mwenye akili atakayeyakana, na mimi mwenyewe naandika haya kwa mwanga wa umeme. Hata hivyo, maji yanapozuiwa juu, mafuriko ya kawaida ya kila mwaka, yale ya kiasi yanayojaza maziwa ya pembeni na kuwaingiza samaki humo, hupungua. Mafuriko makubwa bado huja, kama yale ya El Nino ya 1997, na yale ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yaliyokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi hapo Mororo karibu na Madogo. Hayo ni maji ya maafa. Ziwa lisilopata mafuriko ya kiasi mwaka hadi mwaka hujaa matope na vichaka, na mwishowe hulimwa.

Anayetaka kuona mwisho wa safari ya namna hiyo na aende kaskazini, Kaunti ya Wajir. Huko mto Ewaso Ng'iro hufia katika kinamasi cha Lorian, ambacho zamani kilikuwa kikubwa mno na siku hizi sehemu kubwa yake hukaa kavu. Pembeni mwake pana mji uitwao Habaswein. Kwa Kisomali, habaas ni vumbi, na weyn ni -kubwa. Ndivyo nchi inavyohifadhi habari zake katika majina. Elwak nayo, kule Mandera, ni visima vya Mungu, kwa kuwa Waaq ndilo jina la Mungu ambalo Wakushi walilitumia tangu kale. Na neno laga, ambalo Wakenya wa kila kabila hulitumia kwa mto wa msimu, asili yake ni Kioromo. Watu wa nchi kame wamekuwa mabingwa wa kuyapa maji majina, na ubingwa huo haustahili kuishia kwenye mabango ya barabarani.

Maji yakipungua na dharau ikiendelea, lugha nazo hupungua. Mtoto wa Kimalakote au wa Kimunyoyaya anayekulia mjini hujifunza Kisomali sokoni, Kiswahili shuleni na Kiingereza kitabuni. Akiwa mzazi, huwalea wanawe kwa mojawapo ya hizo tatu. Hapo Kiswahili chetu, tunachokipenda na kinachotulipa mishahara, nacho ni miongoni mwa wanaommeza ndugu yake. Sidai kwamba tukirudishe nyuma. Nadai kwamba aliye mkubwa katika familia ana wajibu kwa mdogo.

Sheria iko upande wetu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Mtaala wa umilisi, uliotandazwa nchini kuanzia mwaka 2019, unataka mtoto wa gredi za mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lakini agizo hilo huzinufaisha kwa wepesi lugha kubwa zenye vitabu. Katika darasa lenye watoto wa Kisomali ishirini na watoto wa Kimalakote watano, sote twajua lugha itakayochaguliwa. Kwa hiyo walimu wasingoje kitabu kutoka Nairobi. Kitabu hicho kitaanza katika madaftari ya wanafunzi wao.

Napendekeza kazi moja, nyepesi na isiyohitaji fedha. Mwalimu wa Kiswahili wa Garissa, Madogo, Mbalambala au Bura na awape wanafunzi wake maswali manne ya kwenda kuwauliza wazee wao wakati wa likizo ya Aprili, ambapo kumbukumbu za kiangazi bado ni mbichi. La kwanza, majina ya samaki, na kama samaki mmoja hubadilishwa jina anapokua. La pili, majina ya maji tangu mafuriko hadi tope, kila hatua kwa jina lake. La tatu, dalili ambazo mvuvi huzitazama kabla ya kuingia majini, na kabla ya kukataa kuingia. La nne, majina ya zana, za sasa na zilizoachwa. Kila jibu liandikwe kwa lugha ya msemaji, kisha kwa Kiswahili, pamoja na mahali na tarehe, na jina la mzee likiwa ameridhia. Walimu waseme wazi kwamba maswali haya huulizwa nyumbani chini ya mti. Hakuna alama ya mtihani inayostahili kumpeleka mtoto mbele ya mamba.

Watoto wa Kisomali nao wasiachwe nje. Wana maneno yao ya mto, webi, na ya samaki, kalluun, na wana jamaa ng'ambo ambao huenda wamejifunza kusimama juu ya ziwa la barafu na kulipa tukio hilo majina. Daftari la mtoto wa Kimalakote na lile la mtoto wa Kisomali yakiwekwa juu ya meza moja, yataonyesha kuwa walikuwa wakiutazama mto mmoja. Mtoto aliyeambiwa kwamba kazi ya babake ni ya aibu ataisikia ikisomwa darasani kama elimu, na mwenziwe aliyekuwa akimcheka ataandika maelezo.

Nasi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu. Madaftari hayo yakitufikia, tuyahakiki, tuyalinganishe, na yale maneno ambayo Kiswahili hakina, tuyapendekeze yaingie katika kamusi zetu kama walivyoingia ngege na omena. Lugha inayojivuna kwamba ni ya Afrika Mashariki nzima haiwezi kukosa neno la kidimbwi cha mwisho cha Garissa ilhali inalo la barafu. Jilaal itakuja tena Januari. Wazee wanaozijua dalili za maji wako, lakini hawako wengi, na kila kiangazi huondoka na baadhi yao. Kalamu tunazo, tukawaulize.